Pai ya Rubabi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwanza kwa Waswahili walioko Maine, Iowa, Minnesota, Ontario, Leeds na kwingineko kwenye baridi, ambao kila ifikapo Mei hupewa na jirani fungu la mabua mekundu wasijue waanzie wapi. Aliyeko nyumbani akasikia habari za pai hii naye anakaribishwa. Kama una haraka na majani tayari yako jikoni, ruka hadi sehemu ya usalama kabla ya kuwasha jiko.

## Mambo ya mwanzo

Rubabi ni kitu gani hasa?

Ni mmea wa nchi za baridi unaoishi miaka mingi. Majani yake ni mapana yenye mikunjo, nayo yanachipua moja kwa moja kutoka kwenye kisiki kilicho ardhini. Kinacholiwa ni kikonyo cha jani, yaani lile bua nene linalolibeba jani. Bua moja laweza kuwa na urefu wa sentimita 30 hadi 60, na rangi yake huanzia damu ya mzee hadi kijani kitupu. Ukilivunja linatoa nyuzi. Ukilitafuna bichi unapata uchachu mkali unaokaza mashavu, ule wa mbirimbi ambayo haijaiva. Madukani Marekani na Uingereza tafuta kibao kilichoandikwa *rhubarb*.

Ni tunda au ni mboga?

Kwa mtaalamu wa mimea ni mboga, maana hakuna tunda hapo, ni kikonyo tu. Kwa mpishi ni tunda, kwa sababu hupikwa kwa sukari na huliwa mwisho wa mlo. Mwaka 1947 jambo hili lilifika mbele ya mahakama ya forodha huko Buffalo, New York, kwa kuwa ushuru wa mboga zilizoingizwa nchini ulikuwa mkubwa kuliko wa matunda. Mahakama iliamua kwamba kwa shughuli za ushuru rubabi ihesabiwe tunda, kwa vile ndivyo watu wanavyoitumia.

Kwa nini watu wa kaskazini wanaithamini kiasi hiki?

Kwa sababu ya wakati inapotokea. Kabla ya majokofu na meli za matunda, familia ya mkulima wa Maine au Wisconsin ilivuka baridi kwa matofaa yaliyohifadhiwa kwenye chumba cha chini ya nyumba. Kufikia Aprili matofaa yale yamekwisha au yamesinyaa, na stroberi za kwanza hazitegemewi hadi Juni. Katikati hapo hakuna chochote kibichi cha kuweka kwenye pai. Rubabi ndiyo inayoinua vichwa vyekundu kutoka kwenye udongo ambao bado una theluji pembeni, wiki kadhaa kabla ya tunda lolote.

Ndiyo maana mzee wa huko akiila pai ya kwanza ya mwaka hazungumzii utamu wake. Anachokipokea ni habari kwamba baridi imekwisha. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha pai hii, na anayeila Novemba kutoka kwenye friza la duka kubwa anapata ladha bila ile habari.

Msimu wake ni upi?

Kaskazini mwa Marekani na Kanada ni kuanzia mwishoni mwa Aprili au Mei hadi mwishoni mwa Juni, kutegemea baridi ya mwaka huo. Uingereza ina misimu miwili: ile inayooteshwa gizani, Januari hadi Machi (tazama swali la mishumaa hapa chini), na ya shambani, Aprili hadi Juni. Kwa nini watu huacha kuvuna mwanzoni mwa Julai imeelezwa kwenye sehemu ya bustani.

## Ilikotoka na ilikofika

Ilianzia wapi?

Asia. Kwa karne nyingi kilichotafutwa kilikuwa mzizi mkavu kutoka China, dawa ya kulainisha tumbo. Hakuna aliyefikiria pai. Mzizi huo ulisafirishwa kwa misafara, na katika karne ya 18 serikali ya Urusi iliishika biashara yake mkononi kupitia mji wa mpakani wa Kyakhta. Dawa hii ilihesabiwa kuwa na uzito hata mwaka 1839, Lin Zexu, ofisa wa China aliyepambana na biashara ya kasumba, alipomwandikia Malkia Victoria, aliitaja pamoja na chai miongoni mwa bidhaa ambazo mataifa ya nje hayawezi kuishi bila hizo.

Kula bua ni jambo la juzi tu, na lilingoja sukari. Uchachu ule hauliki mpaka uweke sukari nyingi, na sukari ilikuwa kitu cha matajiri hadi ilipozalishwa kwa wingi kwenye mashamba ya Karibi, kwa jasho na damu ya Waafrika waliotumwa utumwani. Pai hii inazungumzwa kama chakula cha kijijini kisicho na makuu, na ni kweli, lakini sukari iliyo ndani yake ina historia hiyo na haifai kuiruka.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mkulima Joseph Myatt wa Deptford, London, alianza kupeleka mabua sokoni na kuwashawishi watu kwamba yanalika. Mwaka 1837, mwaka Victoria alipoanza kutawala, alitoa aina aliyoipa jina la malkia huyo, na aina ya Victoria bado inapandwa mpaka leo. Uingereza ilipofuta ushuru wa sukari mwaka 1874, rubabi ikaingia jikoni kwa kila mtu.

Ni kweli kwamba rubabi ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, huvunwa kwa mwanga wa mishumaa?

Ni kweli, na ukipata nafasi nenda ukaone. Kati ya Wakefield, Morley na Rothwell, kusini mwa Leeds, kuna eneo linaloitwa Pembetatu ya Rubabi. Kisiki hukaa shambani miaka miwili bila kuvunwa hata bua moja, kikijaza akiba yake. Majira ya baridi yanapoingia huachwa kipigwe na sakitu, yaani umande ulioganda, kwa kuwa baridi ndiyo inayokiamsha. Kisha kinang'olewa na kuingizwa kwenye banda refu, la chini, lenye joto na lisilo na tundu la mwanga.

Humo gizani mmea hauwezi kujitengenezea chakula. Unatumia akiba ya mizizi na kunyoosha shingo kuutafuta mwanga usiokuwepo. Mabua yanatoka membamba, ya waridi yenye kung'aa, na juu yake kijani cha njano kidogo kilichojikunja ambacho hakijafunguka kuwa jani. Ukisimama kimya unasikia machipukizi yakipasua maganda yake, pap, pap, kutoka kila upande. Wavunaji hupita katikati ya safu na mishumaa iliyochomekwa kwenye vijiti, kwa sababu taa kali ingewasha ukijani na kuharibu ulaini wa mabua. Baada ya mavuno kisiki kimekwisha nguvu na hutupwa.

Kwa nini hapo na si kwingine? Makaa ya mawe ya kupasha mabanda yalichimbwa jirani, viwanda vya sufu vya eneo hilo vilikuwa na mabaki ya sufu yanayofaa kwa mbolea, na baridi ilikuwepo tele. Familia ya Whitwell ya Leeds ndiyo inayotajwa kuanzisha mabanda hayo mwaka 1877. Hadi miaka ya 1960 treni maalumu ilibeba mzigo usiku kwenda masoko ya London. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliipa rubabi ya gizani ya Yorkshire ulinzi wa jina la asili, na Wakefield hufanya tamasha lake kila Februari.

Jambo moja la kujua kabla hujakaribishwa: Waingereza wengi hawaipiki kama pai yenye tabaka mbili. Wanaifunika kwa chenga za unga, siagi na sukari, wanaoka, na kumiminia kastadi ya moto.

Marekani iliingiaje?

Iliingia kupitia Maine na Massachusetts kuelekea mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, kisha ikasafiri na walowezi kuelekea magharibi. Ilisafiri kwa namna ya pekee. Mbegu za rubabi hazizai mmea unaofanana na mama yake, kwa hiyo anayetaka ile ile ya nyumbani kwao hukata kipande cha kisiki na kukibeba. Visiki vingi vilivyoko nyuma ya nyumba za Iowa na Dakota havikununuliwa dukani. Vilitoka kwa shangazi, naye akapewa na mama mkwe, na wengine wanaweza kukuhesabia mikono yote kilikopita.

Leo Sumner, mji mdogo wa jimbo la Washington, unajitangaza kuwa makao makuu ya dunia ya pai ya rubabi, na bonde lake ni miongoni mwa sehemu kuu za kilimo chake nchini humo. Lanesboro, Minnesota, ina tamasha lake mwanzoni mwa Juni. Lakini kama unataka pai yenyewe, nenda kwenye ukumbi wa kanisa la kijijini siku ya mnada au mazishi. Makanisa ya Kilutheri ya Minnesota ndiyo ninayoyasifia zaidi. Baadhi ya watu wa Iringa wanayajua makanisa hayo kwa jambo jingine kabisa, yaani ushirika wa Bega kwa Bega kati ya Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) na sinodi ya Saint Paul.

## Usalama

Majani yake naweza kuyapika kama kisamvu au matembele?

Hapana. Hata kidogo, na hata ukiyachemsha mara tatu.

Swali hili naliweka wazi kuliko yote kwa sababu kosa lake ni rahisi kwetu. Sisi ni watu wa majani. Tunakula majani ya maboga, ya kunde, ya viazi vitamu. Wakongo wana sombe. Mtu akipewa mmea wenye majani mapana na mazuri hivyo, mkono unaenda wenyewe kwenye kisu. Majani ya rubabi yana asidi ya oksaliki kwa wingi pamoja na kemikali nyingine zinazoudhuru mwili, na yanaweza kuharibu figo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia watu wa Uingereza walihimizwa kuyala kwa sababu ya uhaba wa mboga, na wako waliopata sumu na waliokufa.

Kuna jambo la pili. Wengi wetu huweka magadi kwenye mboga za majani ili zilainike. Kwa majani haya magadi yanazidisha hatari, kwa sababu yanaigeuza asidi hiyo kuwa chumvi inayoyeyuka na kuingia mwilini kwa urahisi zaidi. Kisamvu sumu yake hutolewa kwa kutwanga na kuchemsha. Rubabi haina mapishi ya kuyaokoa majani yake.

Kata jani lote na sentimita mbili za juu ya bua, tupa kwenye shimo la mboji. Huko halina madhara, linaoza kama majani mengine.

Mtoto, au mimi mwenyewe, tumeshayala. Tufanye nini?

Usingoje dalili. Marekani piga kituo cha sumu, 1-800-222-1222, saa yoyote, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Uingereza piga 111. Mtu akishindwa kupumua, akidegedega au akizimia, piga namba ya dharura mara moja. Usimtapishe mwenyewe. Mweleze mhudumu ni jani au ni bua, na kiasi gani.

Bua lenyewe ni salama kwa kila mtu?

Kwa watu wengi, ndiyo. Lina asidi hiyo hiyo kwa kiasi kidogo zaidi. Mwenye historia ya mawe kwenye figo au ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, kwa sababu mawe mengi hutokana na oksaleti. Mwenye kisukari aangalie hesabu ya sukari kwenye vipimo vya hapa chini: bua lenyewe ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, lakini pai si bua. Dawa za mzizi wa rubabi ni kitu kingine kabisa, zisichanganywe na chakula hiki. Mjamzito asizitumie bila daktari.

Naweza kuipika kwenye sufuria yangu ya kawaida?

Kama ni sufuria ya alumini, zile nyepesi tulizozoea, usiipikie humo. Asidi inaila alumini: chakula kinapata ladha ya chuma, na sufuria iliyokuwa nyeusi inatoka ikimeta kana kwamba umeisugua kwa mchanga. Tumia chuma cha pua, kioo, au udongo uliopakwa rangi ya kioo. Kwa pai yenyewe shida ni ndogo, maana unga umekaa kati ya mabua na chombo, ila kioo bado ni bora kwa sababu unaona chini kama pameiva.

Pai ya jirani au ya kanisani ni halali kwa Mwislamu?

Uliza kuhusu mafuta. Kwa desturi, tabaka la pai huko Marekani ya kati lilikandwa kwa mafuta ya nguruwe, na bibi wengi bado wanaamini hakuna kingine kinachotoa unga mwepesi vile. Wengine hutumia siagi au mafuta ya mboga. Anayeulizwa kwa adabu hakasiriki. Mara nyingi anafurahi kuulizwa mapishi yake. Jamu za rubabi zilizogandishwa kwa unga wa jelatini nazo ziulize, kwa sababu jelatini nyingi ya dukani hutokana na nguruwe. Pai ya siagi iliyoko hapa chini haina tatizo hilo.

## Jikoni

Mabua mekundu ni matamu kuliko ya kijani?

Hapana. Rangi ni suala la aina, halina uhusiano na kuiva. Victoria huwa ya kijani yenye wekundu chini tu, na ni nzuri sana. Mekundu yanapendeza kwa macho, basi. Kitu cha kutazama ni ugumu: bua zuri limekakamaa na linavunjika kwa sauti. Lililolegea limekaa sana.

Ni lazima kuyamenya?

Mabua ya Mei, hapana. Ya mwisho wa Juni yana nyuzi ngumu. Shika ngozi kwa ncha ya kisu na uivute chini, itatoka yenyewe.

Nipe vipimo vya pai ya kawaida.

Kwa chombo cha sentimita 23.

Unga wa nje: gramu 300 za unga wa ngano, gramu 200 za siagi baridi iliyokatwa vipande, kijiko kidogo cha chumvi, mililita 80 hadi 100 za maji ya barafu. Sugua siagi kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka ibaki vipande vya ukubwa wa kunde. Tia maji kidogo kidogo mpaka unga ushikane. Hapa aliyezoea chapati ajizuie: usikande. Chapati inataka mkono, tabaka la pai linataka uliguse kidogo kadiri uwezavyo, la sivyo litakuwa gumu na kuvutika. Gawa madonge mawili, funga, weka kwenye friji saa moja.

Vya ndani: gramu 750 za mabua yaliyokatwa sentimita mbili mbili, gramu 275 za sukari, gramu 40 za wanga wa mahindi, chumvi kidogo, na gramu 30 za siagi za kutupia juu. Changanya, acha dakika kumi na tano.

Sukuma donge la kwanza kwa kifimbo kile kile cha chapati, litandike kwenye chombo. Mimina vya ndani. Sukuma la pili, funika, bana kingo, chana matundu manne juu ili mvuke utoke. Au likate vipande virefu na uvisuke kama mkeka. Oka nyuzi 220 za Selsiasi kwa dakika 20, kisha teremsha hadi 185 kwa dakika 40 au zaidi. Imeiva pale mchuzi unaotoka kwenye matundu unapochemka polepole kwa mapovu mazito yanayong'aa, si mapovu mepesi ya maji. Weka sinia chini yake, itamwagika.

Yangu imetoka supu. Nilikosea wapi?

Mara nyingi ni moja kati ya mambo mawili. Ama uliitoa kabla ya yale mapovu mazito, na wanga haukupata joto la kukaza. Ama uliikata ikiwa moto. Pai hii inataka saa tatu au nne za kupoa, na sijui njia ya mkato. Kama mabua yalitoka kwenye friza, tazama swali la kugandisha.

Niweke stroberi?

Wengi huweka, na ndiyo pai maarufu kuliko zote za namna hii. Nusu kwa nusu, na upunguze sukari hadi gramu 200. Mimi naipenda ya rubabi tupu. Stroberi ina utamu wake na msimu wake, na ikiingia inaufunika ule uchachu ambao ndio sababu ya pai yenyewe. Ukiwa mgeni, onja tupu kwanza.

Ipo pia ya mayai, inayopendwa sana na wakulima wa Marekani ya kati: mayai matatu yanapigwa na sukari na unga kidogo, yanamwagiwa juu ya mabua, na kinachotoka ni kastadi yenye vipande vichachu. Hiyo huwekwa kwenye friji. Ya kawaida yaweza kukaa mezani siku mbili.

Viungo vyetu vinakubaliana nayo?

Tangawizi ni rafiki wa zamani wa rubabi huko Yorkshire. Iliki inapendeza sana, nusu kijiko kidogo, hasa na ganda la chungwa lililokwaruzwa. Mdalasini uweke kwa mkono mwepesi. Karafuu naiacha, inatawala kila kitu.

Sina oveni.

Palia makaa: sufuria nzito yenye mchanga kidogo chini, chombo cha pai ndani yake, mfuniko, makaa machache chini na mengi juu, kama unavyooka mkate wa mchele. Kugeuza si rahisi, kwa hiyo zungusha sufuria kila baada ya dakika kumi. Au acha pai, pika mabua na sukari kwa dakika nane hadi yalegee, ule na maziwa ya mgando au mkate.

## Bustani

Jirani ameahidi kunigawia kisiki. Nikipande vipi?

Mapema majira ya kuchipua au vuli, wakati mmea umelala. Kila kipande kiwe na chipukizi angalau moja na mzizi wa kutosha. Chimba shimo pana, weka samadi iliyooza, chipukizi likae sentimita tano hivi chini ya udongo. Acha mita moja kati ya visiki. Pachague vizuri, kwa sababu utaishi napo: kisiki kilichotunzwa huzaa miaka kumi na zaidi. Kikisongamana na kutoa mabua membamba, kigawe, nawe umpe mwingine.

Nivune vipi?

Usikate kwa kisu. Shika bua karibu na udongo, lizungushe kidogo, livute. Linachomoka likiwa na mguu mweupe wenye waridi, umevikwa ngozi nyembamba ya kahawia unayoipangusa kwa kidole gumba. Kipande kinachobaki baada ya kukata kwa kisu huweza kuoza na kuingiza ugonjwa kwenye kisiki.

Mwaka wa kwanza usivune kabisa. Wa pili, machache. Kuanzia wa tatu vuna, lakini acha angalau nusu ya mabua kila mara.

Kwa nini watu huacha mwanzoni mwa Julai?

Ili majani yaliyobaki yatengeneze akiba ya mwaka ujao. Bua la Agosti halijageuka sumu, kama wengine wanavyosema. Ni gumu zaidi, na unamkopa mmea wako. Ujerumani mpaka wake ni siku ya Mtakatifu Yohana, tarehe 24 Juni.

Sakitu imepiga mmea wangu.

Mabua yaliyosimama imara unaweza kuyavuna. Yaliyolegea na kuwa kama yaliyochemshwa, tupa, kwa kuwa asidi ya majani huweza kushuka humo. Mapya yatakuja. Bua nene la katikati lenye kichwa cha maua nalo livunje mapema, linamaliza nguvu ya kisiki.

## Mambo ya pembeni

Jirani kaniletea pai nzima. Chombo nirudishe vipi?

Geuza chombo, mara nyingi utakuta kipande cha karatasi ya gundi kimeandikwa jina la mwenyewe, kwa sababu vyombo hivi huzunguka sana kanisani na kwenye mikutano. Kwetu sahani hairudi tupu, na huko nako wapo wanaolishika hilo. Mkate wa ufuta, sambusa au mandazi yanapokelewa vizuri mno, na kwa watu wengi ndivyo ujirani ulivyoanza.

Nikiigandisha inakaa?

Karibu mwaka mzima. Osha, kausha, kata, tandaza kwenye sinia ndani ya friza mpaka vipande vigande kimoja kimoja, ndipo uvitie kwenye mfuko wa friza. Kwa pai, vitumie vikiwa bado na barafu na uongeze kijiko kimoja kikubwa cha wanga, au uviache viyeyuke, uchuje maji, uyachemshe yawe mazito na uyarudishe.

Waarabu na Waajemi nao wanaila?

Wana ndugu yake wa milimani, anayeota mwitu Iran, Uturuki, Kurdistani na Lebanoni. Wairani humwita *rivas* na kumpika kwenye mchuzi wa nyama wenye mnanaa na majani mengine ya kijani, bila sukari ya pai. Aliyeko Muscat au Dubai, kwenye mgahawa wa Kiirani majira ya kuchipua, aulizie.

Itaota Tanzania au Kenya?

Pwani, sahau, joto linaimaliza. Mmea huu unataka usingizi wa baridi, wiki kadhaa za nyuzi chini ya 5 hivi, na kiangazi kisichopita wastani wa nyuzi 24. Njombe na Makete hupata sakitu Juni na Julai, Kinangop na Limuru hupata miezi ya mwanzo wa mwaka, kwa hiyo huko ndiko pa kujaribu. Tegemea mabua membamba kuliko ya Minnesota, na usiyasubiri yaje kwa mkupuo mmoja wa msimu, kwa sababu baridi yenyewe haiji kwa mkupuo.

Kama siipati kabisa, nitumie nini?

Embe bichi, lile gumu lenye kokwa nyeupe ambalo watoto hulila kwa chumvi na pilipili. Menya gramu 750, kata vipande vyembamba, na ufuate vipimo vile vile, ila wanga upunguze hadi gramu 25, maana embe halina maji mengi kama rubabi. Onja kipande kabla ya kupima sukari. Maembe ya mwanzo wa msimu huitaka yote. Yakianza kuingia njano ndani, gramu 200 zinatosha.